Mama na Mtoto Aliyekua Katika Dungu Moja

Mtoto akiwa mdogo, mama hakosi cha kuzungumza naye. Kuna viatu vya kufunga, kikohozi cha usiku, hesabu za shule. Kisha miaka inapita. Yule uliyembeba mgongoni sasa ana miaka ishirini na sita, ana kazi mjini, labda ana mke au mume. Anakuja kukutembelea. Unamwuliza, "Kazi inaendeleaje?" Anajibu, "Vizuri tu, mama." Unamwuliza, "Na afya?" "Nzuri." Halafu mnanyamaza wote wawili, na wewe unakwenda jikoni kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mama mpendwa, kama unaijua hali hii, si wewe peke yako. Mafundisho ya kulea watoto wachanga tumeyapata mengi, kwa mama zetu, kliniki na kanisani. Lakini ni nani aliyetufundisha kuishi na mtoto aliyekwisha kukua? Mwezi huu tunakupeleka mbali kidogo, katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Huko kuna desturi inayowakutanisha wazazi na watoto wao wakubwa kila mwaka bila kukosa. Desturi hiyo ni ya kuwinda ayala. Hatukuambii ununue bunduki. Tunataka tuone pamoja ni kitu gani hasa wanachokipata wazazi hao msituni, na kama nasi tunaweza kukipata nyumbani kwetu.

SIKU TISA ZA NOVEMBA

Wisconsin ni jimbo la misitu, maziwa na mashamba ya ng'ombe, lililopakana na Ziwa Superior na Ziwa Michigan. Waojibwe na Wamenominee waliwinda huko tangu zamani, na wanawinda hadi leo. Mnyama mwenyewe ni ayala mwenye mkia mweupe. Msomaji wa Zaburi ya 42 amekwisha kukutana na jamaa yake. Kwa umbo anafanana na swala au kulungu wetu, ila pembe zake ni tofauti. Swala hukaa na pembe zake maisha yote, lakini ayala dume hudondosha zake kila mwaka majira ya baridi, kisha huota nyingine mpya. Jike kwa kawaida hana pembe.

Msimu mkuu wa bunduki ni wa siku tisa tu. Huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba, na humalizika Jumapili baada ya sikukuu hiyo. Jimbo lina watu wapatao milioni sita, na leseni za kuwinda ayala kwa bunduki huuzwa zaidi ya nusu milioni kwa mwaka. Vijana waliohamia Milwaukee, Chicago au Minneapolis hurudi kwao. Wengine hukutana katika kibanda cha mbao chenye jiko la kuni na vitanda vya ghorofa, kilichojengwa na babu zao. Wengine hulala nyumbani kwa wazazi na kuwinda katika shamba la familia.

Angalia jambo moja hapa. Mzazi hahitaji kumbembeleza mtoto aje, wala mtoto hahitaji kutafuta sababu ya kuja. Tarehe inajulikana tangu mwaka jana, na hata waliokosana wakati wa kiangazi wanajua kwamba Novemba watakutana.

KIMYA CHA DUNGU

Siku hiyo watu huamka kungali giza. Sheria inaruhusu kuanza kuwinda nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na mwindaji anataka awe amekwisha kukaa mahali pake. Baridi mara nyingi ni ya kugandisha maji, na huenda kuna theluji. Kwa hiyo huvaa nguo juu ya nguo, glovu na kofia, na juu ya yote vazi la rangi ya machungwa inayong'aa. Sheria inataka angalau nusu ya nguo ya nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, iwe ya rangi hiyo ili wawindaji waonane. Tangu mwaka 2016 rangi ya waridi inayong'aa nayo imeruhusiwa. Ayala hasumbuliwi nayo sana, kwa maana macho yake hayaioni rangi ya machungwa kama tunavyoiona sisi.

Wengi hukaa juu ya dungu. Sisi tunalijua dungu la shambani, la kulinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege na nyani. La kwao linafanana nalo, jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo au lililofungwa kwenye shina la mti, lenye ngazi. Mama na binti yake, au baba na mwanawe, hupanda na kukaa bega kwa bega, chupa ya chai ikiwa katikati yao.

Halafu hukaa kimya. Pua ya ayala ni kali kuliko ya mtu mara nyingi sana, na masikio yake husikia jani likikanyagwa. Hakuna redio wala mazungumzo ya sauti. Inapita saa moja, mbili, tatu. Mwanamke ambaye hajazoea anaweza kudhani huo ni upotevu wa wakati. Lakini mzazi na mtoto ambao nyumbani walishindwa kumaliza chai bila mmoja kushika simu, hapa wanakaa pamoja asubuhi nzima.

Na katika kimya hicho maneno huja yenyewe, kwa kunong'ona. Mambo mazito husemeka kwa urahisi zaidi watu wanapotazama upande mmoja kuliko wanapotazamana. Ukimweka kijana mezani mbele yako na kumwuliza kama ndoa yake ina amani, atajibu "ndiyo" na kuangalia saa. Mweke kando yako, macho yenu yote mawili yakiwa kwenye ukingo wa msitu, naye baada ya saa mbili anaweza kukuambia kwamba kazi imekwisha tangu Septemba, au kwamba yeye na mkewe wamehangaika miaka mitatu kutafuta mtoto. Na mzazi naye, aliyekuwa akificha uvimbe alioonyeshwa na daktari, anaweza kuutaja. Hakuna anayelazimika kujibu upesi, kwa sababu kunyamaza ndiyo kazi iliyowaleta pale.

NANI KIONGOZI SASA?

Katika jimbo la Wisconsin, mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye hapati leseni ya kuwinda mpaka awe amehitimu mafunzo ya usalama, au awinde chini ya uangalizi wa mtu mzima mwenye ujuzi, jambo lililoruhusiwa na sheria ya mwaka 2009. Katika mafunzo hayo hufundishwa kanuni nne. Kila bunduki uihesabu kuwa ina risasi. Mdomo wake uelekee daima mahali salama. Uwe na hakika unalenga nini na nyuma yake kuna nini. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kupiga.

Mtoto wa miaka kumi na miwili anapoanza, mzazi humwangalia kila kidole. Ni wajibu wake. Lakini mtoto huyo akifika miaka thelathini, mzazi afanye nini? Akiendelea kumnong'onezea kila dakika, "Angalia mdomo wa bunduki," atawafukuza ayala na atamfukuza mwanawe pia. Inambidi akae kando ya mtu mwenye silaha yenye risasi na kumwamini, kwa sababu alimfundisha. Hapo ndipo mtoto anapojua, bila hotuba yoyote, kwamba nyumbani kwao amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu mzima.

Kisha gurudumu huzunguka tena. Magoti ya mzazi huanza kuuma, na macho hayaoni vizuri alfajiri. Kuanguka kutoka kwenye dungu ni moja ya hatari kubwa za uwindaji huo, kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo maana wawindaji hufundishwa kuvaa mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha ardhi, na kutopanda na bunduki mkononi. Hupanda kwanza, kisha huivuta kwa kamba ikiwa haina risasi. Unafika mwaka ambapo ni mtoto anayeukagua mkanda wa mzazi, anayemshikia ngazi, anayemwambia, "Mama, mwaka huu tukae kwenye dungu la chini." Miaka mingi mama ndiye aliyefunga vifungo vya koti la mtoto. Sasa mtoto anafunga vya mama. Si rahisi kukubali. Lakini mzazi anayekubali kushikiwa ngazi humpa mtoto wake nafasi ya kumtunza bila kumwonea haya.

DAKIKA YA KUAMUA

Tuseme ayala ametokea. Ni dume, yuko ukingoni mwa msitu, anainua pua kunusa upepo. Binti ndiye mwenye zamu. Je, ni karibu vya kutosha? Nyuma yake kuna kilima, au kuna nyumba ya jirani? Amesimama ubavu, ili risasi ipite nyuma ya bega na kufikia moyo na mapafu afe upesi, au amegeuka vibaya? Yote hayo anayapima kwa sekunde chache huku moyo ukidunda. Mama aliye kando yake anaona makosa na mafanikio yote yanayoweza kutokea, na hana ruhusa ya kusema neno.

Mara nyingi jibu sahihi ni kutopiga. Binti anashusha bunduki, ayala anainua mkia wake mweupe na kutoweka. Mama mwenye hekima hasemi, "Ungempiga." Anamimina chai.

Akipiga, kazi ndiyo imeanza. Kama mnyama amejeruhiwa na kukimbia, ni wajibu kumfuata kwa matone ya damu juu ya majani, hata kwa saa nyingi, kwa kuwa kumwacha ateseke ni aibu kwa mwindaji. Akipatikana, hupasuliwa tumbo papo hapo na matumbo kutolewa ili nyama isiharibike, kisha huburutwa kwa kamba hadi barabarani. Mtu mzima anaweza kutokwa na machozi mbele ya mnyama aliyemwua. Wazazi wanaojua hawamcheki mtoto kwa hilo. Asiyehisi lolote ndiye wa kuogopwa.

Labda unajiuliza, je, huu si ukatili? Swali ni jema. Mwishoni mwa karne ya 19 ayala mwenye mkia mweupe alikuwa karibu kumalizika Marekani, kwa sababu watu waliwinda bila mpaka na kuuza nyama sokoni. Anakadiriwa alibaki chini ya nusu milioni nchi nzima. Sheria zikawekwa. Mwaka 1937 ilipitishwa sheria ya shirikisho inayotoza kodi kwenye bunduki na risasi ili fedha hizo zitunze wanyama pori. Leo ayala hao wanakadiriwa kuwa milioni thelathini hivi. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwapunguza ni wachache au hawapo kabisa katika sehemu nyingi, na ayala wanapozidi hula miche ya msitu na kugongwa na magari kwa wingi. Mwindaji hupewa idadi maalumu, na kila mnyama aliyeuawa lazima aandikishwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata.

AKINA MAMA NAO

Zamani mambo haya yalikuwa ya baba na wana wa kiume. Wake waliobaki nyumbani waliitwa kwa utani "wajane wa ayala," na hadi leo maduka hutangaza bei nafuu kwa ajili yao wikiendi hiyo ya Novemba. Wengi wao waliifurahia nafasi hiyo ya kupumzika, na si vibaya. Lakini wengine waliona kwamba mazungumzo ya watoto wao wakubwa yanafanyika mahali wasipokuwapo.

Mwaka 1991 mhadhiri Christine Thomas wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Stevens Point alianzisha warsha za kuwafundisha wanawake kuwinda, kuvua samaki na kuishi porini. Waliochelewa kujifunza, wanawake wa makamo ambao hakuna aliyewashika mkono utotoni, walipata mahali pa kuuliza bila kuchekwa. Warsha hizo zimeenea katika majimbo mengi ya Marekani na hadi Kanada. Wisconsin ya leo, zaidi ya mwindaji mmoja kati ya kumi ni mwanamke. Na mara nyingine mtoto ndiye mwalimu: kijana wa kiume anamfundisha mama yake aliyefiwa na mume, katika dungu lile lile alilokaa na baba.

NYAMA IKIFIKA JIKONI

Ayala mkubwa anaweza kutoa kilo ishirini na tano hadi thelathini za nyama isiyo na mifupa. Familia nyingi humchuna na kumkata wenyewe, na hapo mezani hukusanyika hata wasiowinda: mkwe anafunga vifurushi, wajukuu wanaandika tarehe, bibi anasaga. Nyama hiyo haina mafuta mengi, hivyo ya kutengeneza soseji huchanganywa na mafuta ya nguruwe. Nyingine huingia kwenye friza kwa miezi ya baridi. Nyama ya ziada inaweza kupelekwa kwa mabucha yaliyokubali kuiandaa kwa ajili ya vituo vya kugawa chakula kwa wahitaji.

Akina mama huko wamejifunza pia kuwa waangalifu. Mwaka 2002 uligunduliwa Wisconsin ugonjwa unaoharibu ubongo wa ayala na kuwakondesha hadi kufa. Haijathibitika kwamba umewahi kumwambukiza mtu, lakini wataalamu wanashauri nyama kutoka maeneo yenye ugonjwa ipimwe, na ikikutwa nao isiliwe. Tena mwaka 2008 katika majimbo ya North Dakota na Minnesota nyama iliyotolewa kwa wahitaji ilikutwa na chembe za risasi ya madini ya timbi, yaani risasi nyeusi, ambayo ni sumu hasa kwa wajawazito na watoto. Kwa hiyo wengi hukata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, au hutumia risasi za shaba.

Katika Mwanzo 27 tunasoma kuhusu nyumba ambayo mwana mkubwa alikwenda kuwinda peke yake, baba akabaki kuingoja nyama kitandani, na mama akapanga mambo yake na mwana wa pili. Chakula kilipikwa vizuri, lakini kila mzazi alikuwa na mtoto wake, na mwisho wake tunaujua. Nyama peke yake haijengi nyumba. Kinachojenga ni saa zile za kukaa pamoja kabla ya nyama kupatikana.

FUNZO LA AYALA JIKE

Ayala jike hubeba mimba karibu siku mia mbili na kuzaa mwezi wa Mei au Juni, mara nyingi mapacha. Anapokaribia kuzaa tena, huwafukuza watoto wake wa mwaka uliopita. Ukiona, utadhani hana upendo. Lakini anahitaji nafasi kwa ajili ya wachanga, na wale wakubwa wanahitaji kujitegemea. Madume wengi huenda zao mbali, kilomita nyingi, wasirudi. Majike wengi hurudi majira ya vuli na kutembea tena na mama yao, sasa wakiwa wakubwa, na baadaye huzaa jirani naye.

Sisi hatuwi kama wanyama, lakini jambo hili tunalifahamu. Mtoto lazima aondoke. Atakaporudi hatarudi kuwa mtoto, na mama anayemsubiri yule wa zamani hatamwona huyu aliyesimama mlangoni.

NA SISI JE?

Kwetu mambo ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, ingawa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa upinde, na baba humfundisha mwana. Basi usimpeleke mwanao porini kutafuta matatizo. Lakini yale yanayofanya dungu lifae hayahitaji bunduki:

1. Tarehe ijulikane. Usingoje mtoto apate nafasi. Wiki ya kuvuna mahindi, ya kuchuma kahawa, au siku tatu kabla ya Krismasi iwe yenu kila mwaka.

2. Pawe na kazi ya kweli. Mtoto mkubwa akiitwa "kuja kuongea" huingiwa na hofu. Akiitwa kuezeka banda la kuku, huja na nyundo.

3. Kaeni upande mmoja. Kupukuchua mahindi, kupepeta mchele, kusafiri kwenye kiti kimoja cha basi kwenda kuwaona wazee, yote hayo ni madungu.

4. Mwachie zamu yake. Kama yeye ndiye anayepika pilau, usiguse chumvi.

5. Kubali kushikiwa ngazi. Akitaka kukubebea ndoo, mpe.

6. Vumilia kimya. Usiijaze kila dakika kwa maswali. Anayetaka kusema anahitaji nafasi ya kuanza.

Usiahirishe, mama. Wazazi wa Wisconsin wana siku tisa kwa mwaka, na kila msimu wanajua kwamba unaweza kuwa wa mwisho magoti kupanda. Chagua kazi moja na tarehe moja kabla mwezi huu haujaisha, kisha mpelekee mwanao neno fupi tu: "Siku hiyo nakuhitaji."